Jinsi ya Kutengeneza Ufunguo wa Kutambua Mimea kwa Majani Yake

Ufunguo wa utambuzi ni mfululizo wa maswali ya njia mbili. Kila jibu humpeleka msomaji kwenye swali jingine au kwenye jina la mmea. Ukiwa na mimea 8 utahitaji jozi 7 za maelezo, daima moja pungufu ya idadi ya mimea. Zikizidi, kuna mmea umeutaja mara mbili.

1. Kusanya. Tutatumia mahindi, mwembe, mpera, mlimau, mpapai, mnyonyo, haragwe na mwarobaini. Chukua majani 10 ya kila aina kutoka mimea isiyopungua 3, mengine ya juani na mengine ya kivulini. Kata pamoja na kipande cha kitawi, kwa sababu jani lililonyofolewa peke yake halionyeshi lilivyopangika. Rangi ya utomvu iandike papo hapo, maana likikauka huwezi kuijua tena. Utomvu wa mpapai huwasha ngozi, hivyo nawa mikono.

2. Tambua jani linaanzia wapi. Wengi hukosea hapa. Jani la mwarobaini huonekana kama kitawi chenye majani mengi, kumbe lote ni jani moja lenye vijani, yaani vipande vidogo vinavyofanana na majani kamili. Tafuta kichipukizi: hukaa kwenye pembe kati ya kikonyo cha jani na kitawi, hakikai kamwe chini ya kijani. Mpapai nao hudanganya kwa namna nyingine. Jani lake limechanika sana, lakini michaniko haifiki katikati, kwa hiyo bapa, yaani sehemu pana ya jani, bado ni moja.

3. Chagua sifa zisizobadilika. Weka jedwali: mimea kwenye safu mlalo, sifa kwenye safu wima. Kisha futa rangi. Majani machanga ya mwembe huwa mekundu au ya zambarau kabla ya kugeuka kijani. Futa na ukubwa pia, kwani mmea uleule huwa na majani mapana zaidi na yenye unene mdogo zaidi kivulini kuliko juani. Ukilazimika kutumia vipimo, pima majani yote 10 na uandike kima cha chini na cha juu. Mmea mmoja ukipata sm 8–14 na mwingine sm 12–20, sifa hiyo haifai: jani la sm 13 litakwenda wapi? Mpangilio wa majani, mishipa na utomvu ni vya kuaminika zaidi.

4. Andika jozi. Wengine husisitiza kugawa kundi nusu kwa nusu. Mimi naona ni afadhali kuanza na sifa ambayo hata mgeni hawezi kuikosea, ingawa itatenga mmea mmoja tu.

1a. Mishipa imelala sambamba: mahindi
1b. Mishipa imefanya wavu: nenda 2
2a. Jani limegawanyika kuwa vijani: nenda 3
2b. Bapa ni moja: nenda 4
3a. Vijani vitatu: haragwe
3b. Vijani zaidi ya vitano: mwarobaini
4a. Bapa limechanika kama vidole: nenda 5
4b. Bapa halikuchanika: nenda 6
5a. Utomvu mweupe kama maziwa: mpapai
5b. Utomvu si mweupe: mnyonyo
6a. Majani mawili mawili yakielekeana: mpera
6b. Jani moja moja kwa kupishana: nenda 7
7a. Ukilielekeza kwenye mwanga, vidoto vya mafuta vinaonekana: mlimau
7b. Hakuna vidoto: mwembe

Jozi ya 2 inasema “bapa ni moja” kwa makusudi. Wanabotania huhesabu jani la mlimau kuwa lenye kijani kimoja, kutokana na kiungo kilichopo kati ya kikonyo na bapa. Eleza kinachoonekana, usitegemee istilahi.

5. Jaribu. Mpe mtu asiyeijua mimea hii majani 16, mawili ya kila aina, na usimsaidie. Akipotea, rudi kwenye jozi aliyokosea. Mara nyingi utakuta umeandika “kubwa” au “pana” bila kipimo, au pande mbili za jozi zinazungumzia sifa tofauti, kwa mfano upande mmoja ukingo na mwingine mishipa.

Usiusome ufunguo huu kama ukoo. Mwarobaini umekaa jirani na haragwe, ilhali jamaa zake wa karibu zaidi hapa ni mwembe na mlimau. Wote watatu wamo katika oda (kundi la familia za mimea) ya Sapindales.