Kuipiga upya shoo ya Genesis ya 1973

Mkitaka kuiga shoo ya zamani ya Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, chagueni tarehe kabla hamjagusa chombo. Genesis ya Februari 1973 na ile ya Novemba 1974 ni kama bendi mbili: nyimbo, mavazi na mpangilio wa jukwaa vyote vilibadilika. Sisi wa Leicester tulichukua Februari 1973, maana mwezi huo sehemu ya albamu yao ya jukwaani "Genesis Live" ilirekodiwa hapa hapa De Montfort Hall. Ukumbi bado upo. Nenda ukae viti vya nyuma, usikie sauti inavyorudi kutoka ukutani.

Albamu za studio ziwekeni kando. Sikilizeni rekodi za jukwaani, na kanda walizorekodi mashabiki kwa kificho, hata kama zinakwaruza. Humo ndimo mtasikia dramu zinapokimbia na zinaposubiri.

Mimi napiga vinanda, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Roho ya sauti ile ni Mellotron, kinanda cha utepe. Kila kibonye huvuta utepe wake wenye sauti ya fidla, filimbi au kwaya, na utepe huisha baada ya sekunde 8 hivi, kisha springi huurudisha mwanzo. Tony Banks, mpiga vinanda wa Genesis, hakuweza kushikilia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kadiri apendavyo. Leo wengi wetu tunatumia kinanda cha dijitali chenye sauti zilizochukuliwa kwenye Mellotron halisi, kwa kuwa mashine yenyewe ni nzito na husumbua safarini. Sioni ubaya wowote. Ila vidole vitii utepe. Kwenye utangulizi wa "Watcher of the Skies", ukishikilia kodi sekunde 12 itatoka sauti tamu ambayo Banks hakuwahi kuipiga. Nyanyua mkono, acha utepe urudi, bonyeza tena.

Mpiga gitaa aketi. Steve Hackett alikuwa akipiga ameketi, ameinamia nyuzi, na utulivu ule ndio uliompa mwimbaji Peter Gabriel nafasi ya kutisha watu: mabawa ya popo kichwani, rangi kuzunguka macho iking'aa chini ya taa za urujuanimno, nyuma yake pazia jeupe linaloficha amplifaya. Mwimbaji wenu na afanye mazoezi na vazi mapema. Vazi la Slipperman, mhusika wa ajabu wa ziara ya 1974, lilikuwa kubwa mno hata Gabriel akapata taabu kuifikisha maikrofoni kinywani.

Sasa jambo ambalo bendi nyingi hulikata, nami hulipigania kila mara: hadithi kati ya nyimbo. Magitaa ya nyuzi 12 yalichukua muda kutyuniwa, na Gabriel akaujaza ukimya kwa visa vyake vya ajabu. Siku hizi kutyuni ni kufumba na kufumbua, lakini msiuondoe muda ule. Ukumbi hunyamaza, na wimbo unapoanza watu wamekwisha kuingia ndani yake.

Mwisho, ruhusa. The Musical Box, bendi ya Montréal, Kanada, inayofanya kazi hii ya kuiga shoo za Genesis tangu 1993, ilipata kibali cha Genesis na Gabriel, na hata slaidi za ile ziara ya 1974, "The Lamb Lies Down on Broadway", zaidi ya 1,000 kwenye skrini tatu, iliweza kuzirudisha. Leseni ya ukumbi huhusu nyimbo tu. Kwa picha na mchezo wa jukwaani, waandikieni wenye haki kabla hamjabandika tangazo la kwanza.