Kupunguza mbwa kijijini bila sumu wala risasi

Katika vijiji vya wilaya za Chamwino, Bahi na Chemba mkoani Dodoma, mbwa wengi wanaoonekana wakizurura mchana wana wenyewe. Wapo wanaokwenda malishoni na mbuzi, na wapo wanaolinda zizi fisi wakija usiku. Kazi hii basi ianzie kwenye mkutano wa kitongoji, mwenye mbwa asikilizwe kabla ya mtaalamu kusema.

Sumu haisaidii. Mbwa wakiuawa, mabaki ya chakula yanabaki palepale, na wafugaji huleta wengine ambao hawajachanjwa. Waliokuwa na kinga nao hufa. Baya zaidi, siku ya chanjo watu huficha mbwa wao wakidhani ni mtego.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ipangwe baada ya mavuno, barabara zikiwa kavu. Muda ndio unaokwamisha wengi: ukifika saa nne asubuhi, mbwa wa wachungaji wameshaondoka na mifugo. Fika alfajiri, au wafuate lamboni. Waite watoto pia, maana mara nyingi ndio wanaoweza kumshika mbwa wa nyumbani. Chanjo ikae kwenye kasha la barafu, nyuzi 2 hadi 8, na vibwa wadogo wasirudishwe bila kuchanjwa. Kila aliyechanjwa apakwe alama ya rangi. Kesho yake pita njiani na jalalani ukihesabu: wenye alama wakiwa chini ya 7 kati ya 10, rudini kitongoji hicho wiki hiyohiyo. Kiwango hicho kinahitajika kwa sababu mwaka mzima mbwa hufa na wengine huzaliwa, hivyo kinga hushuka.

Kwenye uzazi, anzeni na majike, kwani dume mmoja aliyebaki hutosha kupandisha wengi. Upasuaji ufanywe na daktari wa mifugo kwa nusukaputi, mwenye mbwa akiwa ameridhia. Asiyetaka amfungie jike ndani wiki 3 tangu damu ya kwanza. Wengi humfungulia damu inapopungua, na hapo ndipo anapokubali dume. Siku 63 hivi baadaye anazaa. Dume aliyehasiwa naye bado anaweza kutia mimba kwa takriban mwezi mmoja.

Mbwa wasile mapafu na maini ya mifugo yenye malengelenge ya maji; yachomwe au yafukiwe kwa kina. Vivyo hivyo kichwa cha mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa wa kizunguzungu: lengelenge la ubongoni humpa mbwa tegu, na mayai ya tegu hurudi malishoni na kinyesi chake.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa akiweza kufungwa salama, asiuawe. Afisa mifugo amwangalie siku 10.