Jinsi ya Kuchagua Ryokan ya Kifahari yenye Maji Moto Kando ya Ziwa Nchini Japani

Miezi michache iliyopita mpwa wangu aliolewa Mombasa, na yeye na mumewe wakaamua kuimalizia fungate yao huku Japani ninakofanya kazi, katika ryokan nzuri kando ya ziwa. Walinitumia picha kumi na mbili za vyumba vilivyofanana mno: hodhi la mbao, mvuke, maji ya ziwa, na Mlima Fuji kwa mbali. Bei zake zilipishana hata mara tatu, na picha hazikueleza sababu. Mwongozo huu ni yale niliyowaandikia, nimeyapanga upya ili yamfae yeyote anayekusudia kutoa fedha nyingi na kutaka kukipata hasa anacholipia.

Ryokan ni nyumba ya wageni ya jadi, yenye mikeka ya tatami, vazi la yukata, na chakula cha jioni kinacholetwa sahani baada ya sahani, kiitwacho kaiseki. Onsen ni maji ya chemchemi. Viwili hivyo haviendi pamoja siku zote, na hilo ndilo jambo la kushika tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Chagua ziwa

Mwenye siku mbili tu akitokea Tokyo aende Ziwa Kawaguchi. Basi kutoka Shinjuku, mtaa wa Tokyo, huchukua takriban saa mbili, na tangu 2019 ipo pia treni isiyohitaji kubadilisha njiani. Mwenye siku nne au zaidi namshauri apande ndege hadi Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, aende Ziwa Toya, nami ndilo ninalolipenda zaidi. Ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano, haligandi wakati wa baridi, na chemchemi zake zilijitokeza baada ya Mlima Usu kulipuka mwaka 1910. Mlima huohuo ulilipuka tena mwaka 2000. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Oktoba hurushwa fataki juu ya maji kila usiku, hali ya hewa ikiruhusu. Wapwa zangu walikuwa na siku mbili, kwa hiyo ilikuwa Kawaguchi.

Hatua ya 2: Chagua upande wa ziwa

Fungua ramani kabla ya kutazama picha yoyote. Mlima Fuji uko kusini mwa Ziwa Kawaguchi. Nyumba iliyo ufuko wa kaskazini au kaskazini-mashariki huyaona maji na mlima kwa pamoja, kama ilivyo Kozantei Ubuya, ambayo vyumba vyake vyote vinaelekea Fuji ng'ambo ya ziwa. Nyumba iliyo ufuko wa kusini, karibu na stesheni, mara nyingi hulazimika kugawa: vyumba vya upande mmoja vinaona ziwa, vya upande wa pili vinaona mlima. Kwa hiyo maneno "mandhari ya ziwa" katika tangazo hayamaanishi kwamba Fuji utaiona. Ongeza pia kwamba kiangazi mlima hujificha mawinguni siku nyingi, ilhali asubuhi za Desemba na Januari huonekana waziwazi zaidi.

Hatua ya 3: Hakiki bafu, na usiharakishe

Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipokwenda, na hapa ndipo fedha nyingi za wageni hupotea.

Mabwawa ya pamoja ya onsen huogewa uchi kabisa, wanaume kwao na wanawake kwao, na nguo za kuogelea hazikubaliwi. Kwa anayechunga stara yake mbele ya wengine, hata wa jinsia yake, hilo linatosha kumfanya atafute bafu la faragha. Lipo pia suala la michoro ya mwilini. Nyumba nyingi huwakataza wenye tatuu kuingia katika mabwawa ya pamoja, na mhudumu asiyewahi kuona piko hawezi kujua kwamba itafutika baada ya wiki mbili. Mpwa wangu alikuwa amepambwa kwa hina na piko hadi kwenye viwiko. Niliituma picha ya mikono yake kwa ryokan mapema, nikaeleza kwamba ni pambo la arusi, nao wakajibu kwa heshima kwamba katika bafu la chumbani hakuna tatizo lolote. Ninakuhimiza ufanye hivyo kabla ya safari, kwa sababu bibi arusi hastahili kuhojiwa mlangoni akiwa amevaa yukata.

Bafu la faragha ni la aina mbili. La kwanza ni kashikiri, ambalo familia hulikodi kwa muda maalumu, mara nyingi chini ya saa moja. La pili ni hodhi la nje lililo kwenye roshani ya chumba chako, unaloweza kuingia saa yoyote. Kwa fungate sioni sababu ya kuchagua jingine ila hili la pili.

Sasa tahadhari. Miaka kadhaa iliyopita nililipia chumba cha namna hiyo kwa ajili yangu na mke wangu, katika nyumba ambayo sitaitaja. Tangazo lilisema "onsen" juu kabisa na "chumba chenye bafu la nje" chini yake, nami nikayaunganisha mwenyewe. Tulipofungua bomba jioni ile maji yalinukia klorini. Ukutani, karibu na kitasa cha mlango wa roshani, palikuwa na kibao kidogo kisichozidi kiganja, kikieleza kwamba maji ya chumbani ni ya bomba yaliyochemshwa na kwamba onsen iko ghorofa ya kwanza, katika bwawa la pamoja. Hawakuwa wamesema uongo. Mimi ndiye sikuuliza.

Tangu hapo hufuata utaratibu huu. Katika tovuti ya Kijapani ya nyumba hiyo, si ile ya lugha za kigeni, tafuta ukurasa wa chumba chenyewe uone kama maneno 露天風呂付客室 (chumba chenye bafu la nje) yameambatana na 温泉 (onsen). Yasipoambatana, chukulia kwamba ni maji ya bomba mpaka uhakikishiwe vinginevyo.

Kisha angalia maji yanatunzwaje. Sheria ya onsen ya mwaka 1948 huyaita onsen maji ya chini ya ardhi yanayotoka yakiwa na nyuzi 25 au zaidi za Selsiasi, au yenye kiwango kilichowekwa cha madini fulani, kwa hiyo hata maji yaliyotoka vuguvugu na kupashwa moto ni onsen halali. Tangu 2005 kila nyumba inapaswa kubandika tangazo linaloonyesha kama maji yameongezwa mengine (加水), yamepashwa moto (加温), yanazungushwa na kutumika tena (循環), au yametiwa dawa (消毒). Ninachokitafuta mimi ni 源泉掛け流し, yaani maji yanayoingia kutoka kwenye chemchemi na kufurika nje bila kurudishwa. Kupasha moto sikuchukii, maana mahali penye baridi ya Kawaguchi ni lazima kwa chemchemi isiyo moto sana. Klorini nayo ina sababu yake, kwani maji yanayozungushwa huweza kuzaa bakteria wa legionela. Lakini kwa bei ya kifahari ninataka kuyajua hayo kabla ya kulipa.

Mwisho, uliza roshani inaangalia nini kwa chini. Hodhi linaloona ziwa huenda nalo likaonekana na wapita njia wa ufukweni au wenye boti. Nyumba nzuri zina pazia la mianzi unaloweza kuliteremsha. Omba picha yake.

Hatua ya 4: Chakula

Bei ya ryokan kwa kawaida huhesabiwa kwa kila mtu, si kwa chumba, pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa. Chukua mpango huo wa milo miwili. Kulala ryokan bila kaiseki ni kulipia nusu ya nyumba.

Kwa Mwislamu, kuandika tu "hatuli nguruwe" hakutoshi. Mirin, ambayo ni divai tamu ya mchele, na sake yenyewe, pombe ya mchele, huingia katika mchuzi, samaki wa kuchoma, hata mboga za kuchemsha. Andika kwa Kijapani angalau wiki mbili kabla, ukitaja nyama, mirin na sake kila kimoja kwa jina, na uombe samaki. Jiko la ryokan hupanga kila mlo mapema, na usiku ule ule hawawezi kubadilisha kitu. Nyumba nyingine zitajibu kwamba haziwezi. Zishukuru kwa ukweli wao, uende kwa nyingine.

Hatua ya 5: Weka nafasi na ufike mapema

Wasiliana na ryokan yenyewe kwa barua pepe. Tovuti za kimataifa huficha tofauti za vyumba nilizozieleza, na maombi maalumu hayafiki jikoni. Soma masharti ya kughairi. Mwenye maumivu ya mgongo aombe chumba chenye vitanda badala ya futoni, yaani godoro linalotandikwa sakafuni.

Chumba hufunguliwa takriban saa tisa alasiri, na chakula huandaliwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Anayefika saa mbili usiku huenda akakikosa. Watakapokuuliza saa ya kifungua kinywa, chagua ya mwisho kabisa, kwa sababu mlima huonekana vizuri zaidi jua linapochomoza, na wakati huo unapaswa uwe umekaa majini.