Unataka udaktari na matokeo hayajakaa vizuri?
Usikimbilie kurudia masomo yote ya kidato cha sita. Kwa shahada ya udaktari, mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unabana zaidi Kemia na Baiolojia: angalau C. Fizikia, D inatosha. Jisajili NECTA (Baraza la Mitihani) kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie lililokuangusha tu. Hizo ni alama za chini kabisa lakini. Chuo cha Muhimbili ushindani ni mwingine.

Au pitia stashahada ya utabibu, umalize na GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 kwenda juu. Hapa ndipo wengi hunaswa: GPA safi, ila Hisabati ya kidato cha nne ina F! Nayo inatakiwa D. Irudie ukiwa bado chuoni, mtihani ni Novemba.