Nyumba ya Kwanza Tanga: Kumaliza Rehani Mapema Huku Ukiikarabati

Mtanzania anayeishi Leicester, Muscat au Minneapolis na amenunua nyumba yake ya kwanza Tanga kwa mkopo wa benki ana madai mawili yanayogombea mshahara mmoja. Benki inataka rejesho lake kila mwezi. Nyumba nayo inadai: bati limeshika kutu, bomba linavuja, dari la chumba cha nyuma limepiga tumbo. Wengi wetu huamua kwa macho. Picha zikifika WhatsApp, kinachoonekana kibaya ndicho kinachotumiwa pesa, na rehani inaachwa iende kwa mwendo wake wa miaka 15 au 20.

Nakusihi ugeuze utaratibu huo. Katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, ipe nyumba kile tu kitakachoizuia isiharibike, na kila shilingi ya ziada uielekeze kwenye deni la msingi, yaani pesa zenyewe ulizokopa, bila riba. Vigae, jipsamu, jiko la kisasa na geti la kupendeza vitasubiri. Riba haisubiri.

Tuweke hesabu mezani. Mikopo ya nyumba ya shilingi hapa nchini imekuwa ikitozwa riba ambayo kwa kawaida huangukia kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 80, riba asilimia 17 kwa salio linalopungua, muda miaka 15. Rejesho la kila mwezi linakuja kama shilingi 1,231,000. Mwezi wa kwanza, shilingi 1,133,000 katika hizo ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa elfu tisini na nane tu. Ukimaliza mwaka mzima umeshalipa karibu milioni 14.8, lakini salio bado ni milioni 78.7. Watu huona taarifa hiyo ya benki wakadhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Ndivyo mkopo mrefu wa riba kubwa unavyofanya kazi.

Sasa ongeza shilingi laki tatu juu ya rejesho kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, na zote ziingie kwenye deni la msingi. Mkopo unaisha kwa takriban miaka 8 badala ya 15, na riba utakayokuwa umeiepuka inakaribia milioni 75. Kwa mshahara wa pauni au dola, laki tatu si mzigo wa kukushinda.

Au tuseme umepata milioni 10 kwa mkupuo, labda za bonasi, labda umeuza gari. Ukiziweka kwenye mkopo huu mwisho wa mwaka wa kwanza, huku ukiendelea na rejesho lilelile, unaokoa riba ya karibu milioni 60. Milioni 10 hizohizo ukiziweka mwisho wa mwaka wa kumi zinakuokolea milioni 11 hivi. Ndiyo maana nasisitiza miaka ya mwanzo. Anayesema "ngoja nimalize ukarabati kwanza, halafu nitalipa deni kwa kasi" anatumia mkupuo wake wa thamani kubwa kununulia rangi.

Kuna tahadhari ya benki ambayo wengi huikosa. Ukituma pesa za ziada kwenye akaunti ya mkopo bila maelekezo, mara nyingi zinakaa pale kama akiba ya kawaida, na mfumo unaendelea kukata rejesho lilelile kila mwezi. Mwaka unapita, ziada yako haijapunguza riba hata senti. Andika barua au barua pepe rasmi kwa tawi linalosimamia mkopo, useme wazi kwamba kiasi hicho kipunguze deni la msingi, na kwamba unataka muda wa mkopo ufupishwe, rejesho libaki palepale. Benki ikipunguza rejesho na kuacha muda vilevile, faida yako inakuwa ndogo sana. Kisha omba jedwali jipya la marejesho na ulihakiki mwenyewe: salio limeshuka? Tarehe ya mwisho imesogea karibu?

Kabla ya yote hayo soma mkataba. Je, riba ni ya salio linalopungua, au ni riba bapa, yaani imepigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hata deni likipungua? Je, kuna ada ya kulipa kabla ya wakati, na je, inatakiwa notisi ya siku ngapi? Kama ada ni asilimia moja au mbili ya kiasi unachotanguliza, bado kulipa mapema kunakufaa katika miaka ya mwanzo. Kama mkopo ni wa riba bapa, kaa na ofisa wa mkopo akuonyeshe kwa maandishi utaokoa nini, maana huenda usiokoe kitu.

Na usilipe ziada ukabaki mtupu. Weka kwanza akiba ya marejesho matatu hadi manne. Kazi za ughaibuni zinakatika ghafla, na ukichelewa kulipa, Sheria ya Ardhi inampa mkopeshaji njia ya kuuza nyumba baada ya notisi ya siku 60. Hakikisha benki ina anwani yako ya huko uliko, na namba ya simu inayopatikana. Notisi ikiachwa mlangoni pa nyumba yako mtaa wa Makorora, Tanga, wakati wewe uko Muscat, siku hizo 60 zinakwenda bila wewe kujua.

Ukarabati usioweza kusubiri

Tanga ni mji wa bahari na mvua. Masika huanza Machi na kukolea Aprili na Mei, na vuli hurudi Oktoba hadi Desemba. Hewa ya chumvi haina huruma kwa chuma. Kwa hiyo mpangilio wa kazi unaanzia juu kwenda chini: paa, maji, umeme, maji taka, kisha ndiyo ufikirie kingine.

Paa lishughulikiwe Januari au Februari, au kati ya Julai na Septemba. Anayefungua paa mwezi wa Aprili analipia dari mara mbili. Kagua kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kabla ya bati, kwa sababu mchwa hula mbao kwa ndani huku nje zikiwa zinaonekana nzima. Mbao za kubadilishia ziwe zimetiwa dawa. Upande wa Raskazone na Sahare, karibu na maji, chukua bati la geji 28 badala ya 30 au 32. Namba ndogo ndiyo bati nene. Na misumari iwe ya kuezekea bati, yenye mpira chini ya kichwa.

Angalia lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na nguzo. Ukiona ufa unaofuata mstari wa nondo, na plasta imevimba au inamenyeka na kuacha alama ya kutu, nondo ndani imeanza kuoza. Hapo hapahitaji rangi. Panahitaji kubanguliwa, nondo kusafishwa au kubadilishwa, na zege jipya. Kataa kabisa mchanga wa ufukweni hata ukiambiwa ni wa bei rahisi, kwani chumvi yake ndiyo inayokula nondo. Kwenye nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, usimruhusu fundi akupigie plasta nzito ya saruji. Ukuta huo unapumua, na saruji huufungia unyevu ndani mpaka plasta idondoke. Tafuta fundi anayejua chokaa. Wapo, hasa wazee, na inafaa kumngoja mmoja wao kuliko kumwita kijana wa haraka.

Saruji yenyewe isikutie wasiwasi wa usafiri: kiwanda kipo Pongwe, nje kidogo ya mji. Ukiletewa bei ya mfuko iliyobeba nauli ya kutoka Dar es Salaam, uliza kwa nini.

Mambo mengine yasiyosubiri ni waya za umeme za zamani, bomba linalovuja chini ya jamvi (sakafu ya zege), na karo la maji taka lililojaa au kupasuka. Yaliyobaki, nakuomba, yaandike kwenye daftari na uyape tarehe ya baadaye.

Kuna aina moja ya ukarabati ninayoitetea hata katika miaka ya deni kubwa: ule unaoleta kodi ya wapangaji. Nyumba nyingi za Ngamiani zimejengwa kwa mtindo wa vyumba pande mbili na ukumbi katikati. Vyumba vitatu vikikarabatiwa vizuri, na choo kikawa safi, wapangaji hawakosekani. Ukiielekeza kodi hiyo moja kwa moja kwenye deni la msingi, nyumba inakusaidia kujikomboa yenyewe. Ila tazama mkataba wa rehani kwanza. Mara nyingi benki inataka ruhusa yake ya maandishi kabla ya kupangisha au kubadilisha muundo wa jengo, na halmashauri ya jiji nayo inataka kibali cha ujenzi kwa kazi inayogusa kuta au kuongeza chumba. Na mapato ya pango yana kodi yake Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kusimamia ukiwa mbali

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na si kwa sababu ndugu ni wabaya. Tunamtwisha shangazi au kaka mdogo kazi tatu kwa pamoja: kushika pesa, kununua vifaa na kusimamia mafundi, kisha tunashangaa anaposhindwa kupeleka hesabu. Tenganisha kazi hizo. Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akuandalie mchanganuo wa gharama kabla hujatuma chochote. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kazi iliyoanzwa kwa kukisia. Vifaa vilipwe moja kwa moja dukani, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipigwe picha siku hiyohiyo. Fundi alipwe kwa hatua zilizokamilika, na sehemu ya mwisho ya ujira wake ibaki mpaka mvua ya kwanza inyeshe na paa lionekane halivuji. Andikeni mkataba mfupi wa kazi, mshuhudiwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Shangazi abaki jicho lako: apite jioni, apige video, aseme anachokiona. Hiyo ni kazi ya heshima na haimwingizi kwenye lawama. Mpe nauli na asante yake bila kungoja aombe.

Bei zote zitajwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza huduma na bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo fundi au muuzaji anayekuambia "kwa ninyi wa nje ni dola" hana msingi.

Weka akaunti mbili, moja ya mkopo na moja ya ukarabati, na usiruhusu moja ikope kwa nyingine. Kazi ikizidi bajeti, isimame. Rejesho na ziada yake haviguswi.

Lipo pia swali la wale wenye mkopo mwingine wa nyumba huko wanakoishi. Uingereza, mikopo mingi ya riba isiyobadilika inaruhusu kulipa ziada ya hadi asilimia 10 ya salio kwa mwaka bila faini, na ndugu huuliza waanzie wapi. Kama kule unatozwa asilimia 5 na Tanga asilimia 17, lipa la kule kama kawaida na ziada yote ije Tanga. Usitegemee kuanguka kwa shilingi kukupunguzie deni: dola ilikuwa karibu shilingi 2,300 mwaka 2022, ikapita 2,700 mwaka 2024, kisha ikarudi karibu 2,400 kabla mwaka huo haujaisha. Aliyechelewesha malipo akingojea ipande zaidi aliumia.

Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, suala la hati linatangulia suala la riba. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi kwa ajili ya makazi tu. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwanzoni mwa 2025 yameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Kaa na wakili akueleze yanavyokugusa kabla hujaongeza hata shilingi kwenye nyumba hiyo.

Usisahau tozo ndogo. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Lakini kodi ya pango la ardhi, ile ya kiwanja chenyewe, ni tofauti, inalipwa kila mwaka kwa namba ya malipo, na walio nje ndio huilimbikiza bila kujua.

Siku ya kumaliza, omba benki taarifa ya salio la kufunga mkopo yenye tarehe maalumu, kwa sababu riba huongezeka kila siku. Ukishalipa, barua ya pongezi haitoshi. Unahitaji hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, na hati yako halisi irudishwe mkononi mwako au mwa mtu uliyempa uwakilishi wa kisheria kwa kazi hiyo moja tu. Baada ya wiki chache, lipia upekuzi, yaani ukaguzi rasmi wa kumbukumbu, kwenye daftari la ardhi. Jina lako liwepo, na pale palipoandikwa rehani pawe pamefutwa.