Somo: Kuainisha maswali ya wakulima wa mpunga yaliyoandikwa kwa Kithai, ontolojia ikiwa ndiyo kamusi

Somo hili ni la anayetaka kuchukua maswali mafupi ya wakulima wa Thailand, yale ya mstari mmoja hadi mitano kutoka kwenye simu, na kuiachia mashine iyagawe katika makundi sita: magonjwa, wadudu, mbegu, mbolea na udongo, maji, bei na soko. Zana ni Python, PyThaiNLP (ya kuchakata Kithai), scikit-learn (ya kufunza viainishi), rdflib (ya kusoma ontolojia ndani ya Python) na Protégé (ya kuijenga). Kompyuta ya kawaida inatosha mpaka hatua ya 5.

Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Nafasi huachwa baada ya kirai au sentensi, na nukta ya kufunga sentensi haitumiki. Mfano unaofundishwa kila mahali ni ตากลม: ukiukata ตา|กลม ni macho ya mviringo, ukiukata ตาก|ลม ni kupigwa na upepo. Kikata maneno huamua kwa kamusi kiliyopewa, na majina ya magonjwa na wadudu unayoyahitaji yamo kwenye ontolojia yako, yaani orodha ya dhana za fani pamoja na majina na mahusiano yake. Vitu hivi viwili vikisoma orodha tofauti, ontolojia itatafuta jina ambalo kikata maneno kimeshalivunja vipande vitatu. Makosa mengi anayobebeshwa kiainishi, yaani programu inayogawa makundi, yamezaliwa hapo, na hakuna algorithimu itakayoyaponya baadaye.

Hatua ya 1. Jenga ontolojia ndogo

Anza na dhana 60 hadi 100, usizidishe. Tabaka kuu: AinaYaMpunga, Ugonjwa, Kisababishi, Mdudu, Dalili, Mbolea, HatuaYaUkuaji. Mahusiano: husababishwaNa, huenezwaNa, huonyesha, hushambulia. Kila dhana ipewe skos:prefLabel (jina kuu) moja yenye alama ya lugha @th, na skos:altLabel (majina mengine) nyingi kadiri wakulima wanavyoliita jambo hilo. Nguvu yote ya baadaye imo kwenye altLabel. Mpunga maarufu wa ขาวดอกมะลิ 105 huandikwa pia มะลิ105, หอมมะลิ, na tahajia nyingine kadhaa. กข6 utaikuta กข 6 na ก.ข.6.

Mifano ya kuanzia: โรคไหม้, neno kwa neno "ugonjwa wa kuungua", unaoletwa na kuvu Pyricularia oryzae, โรคขอบใบแห้ง, "kukauka kingo za jani", unaoletwa na bakteria Xanthomonas oryzae, na เพลี้ยกระโดดสีน้ำตาล, kidudu Nilaparvata lugens kinachofyonza utomvu wa shina na kueneza virusi vya โรคใบหงิก.

Hapa watu huteleza sehemu mbili. Ya kwanza ni kuchanganya "ni aina ya" na "ni sehemu ya". Jani si aina ya mpunga, kwa hiyo lisiwekwe chini yake kama tabaka dogo. Ya pili ni kudhani rdfs:domain, tamko la tabaka ambalo uhusiano huanzia, ni mlinzi wa mlangoni. Ukisema domain ya husababishwaNa ni Ugonjwa, kisha kwa bahati mbaya ukampa mdudu uhusiano huo, kikokotoa hoja (programu ya kutoa hitimisho kutoka kwenye ontolojia) kama HermiT hakitakataa. Kitahitimisha tu kwamba mdudu huyo naye ni ugonjwa. Tangaza kwamba Ugonjwa na Mdudu ni matabaka yasiyoingiliana. Hapo ndipo kitapiga kelele. Ukaguzi wa data wenyewe uachie SHACL, lugha ya kuandika kanuni za kukagua data.

Hatua ya 2. Safisha herufi kabla ya kitu kingine chochote

Soma hatua hii mara mbili. Maandishi ya Kithai yako kwenye Unicode kati ya U+0E00 na U+0E7F, na alama nne za toni pamoja na irabu za juu na chini huandikwa kama herufi zinazopanda juu ya konsonanti. Skrini inaweza kuonyesha maneno mawili yanayofanana kabisa huku baiti zake zikiwa tofauti.

Usitumie NFKC, mojawapo ya njia za Unicode za kusawazisha herufi. Irabu ำ (U+0E33) ikipita hapo huvunjwa kuwa U+0E4D na U+0E32, na tangu hapo น้ำ, yaani maji, haliendani tena na kamusi. Yule mdudu wetu ana น้ำ ndani ya jina lake, kwa hiyo anatoweka kwenye data yako yote bila onyo lolote. Tumia `normalize` ya PyThaiNLP: huunganisha ำ iliyoandikwa vipande, huondoa toni zilizorudiwa, na hugeuza เ mbili kuwa แ, kosa ambalo jicho haliwezi kuliona.

Herufi zilizovutwa kama มากกกก zifupishe zinapojirudia mara 3 au zaidi, lakini usiguse tarakimu. 555 ni kicheko, kwa kuwa tano kwa Kithai hutamkwa "haa", ila 1000 ikifupishwa kuwa 10 umeharibu bei ya mpunga.

Fomula za mbolea kama 16-20-0 na 46-0-0 (urea) ni dalili nzuri sana ya kundi, na kikata maneno huzivunja. Zibadilishe kabla ya kukata kwa neno la herufi za Kilatini tupu, mfano MBOLEANPK na MBOLEAUREA, lenye nafasi pande zote. Usitie tarakimu wala mstari wa chini ndani yake, litakatwa tena. Kumbuka pia tarakimu za Kithai ๐ hadi ๙.

Hatua ya 3. Kata maneno kwa kamusi iliyotoka kwenye ontolojia

```
maneno = set(thai_words())
for sifa in (SKOS.prefLabel, SKOS.altLabel):
    for lebo in g.objects(None, sifa):
        if lebo.language == "th":
            maneno.add(normalize(str(lebo)))
trie = dict_trie(maneno)

def kata(matini):
    return word_tokenize(matini, custom_dict=trie,
                         engine="newmm", keep_whitespace=False)
```

Hapo g ni ontolojia yako iliyosomwa kwa rdflib, na newmm ni kikata maneno cha PyThaiNLP kinachofuata kamusi. Angalia mstari wa kwanza. custom_dict haiongezi maneno juu ya kamusi ya kawaida, inaipiga chini na kukaa mahali pake. Ukiweka lebo zako 100 peke yake, maneno ya kila siku hayatatambulika. Lebo nazo zipitishwe kwenye usafishaji uleule wa hatua ya 2, la sivyo kamusi na matini vitakuwa lugha mbili.

Chukua sentensi 50, zikate, umpe mzaliwa wa Kithai azisome. Saa moja ya kazi hiyo inazidi wiki nzima ya kubadilisha vigezo vya modeli.

Hatua ya 4. Weka lebo za makundi

Matini 150 kwa kila kundi ndicho kiwango cha kuanzia. Waweke watu wawili lebo kwenye matini 200 zilezile bila kuonana, kisha kokotoa kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano yao. Ikiwa chini ya 0.7, tatizo liko kwenye maelezo ya makundi yenu. Ugomvi wa kawaida ni "majani yamejikunja": ni wadudu au ugonjwa? Andikeni kanuni, mrudie.

Hatua ya 5. Geuza kuwa namba, funza

TfidfVectorizer ya scikit-learn, inayoyapa maneno uzito wa TF-IDF (neno lililorudiwa kwenye matini moja lakini adimu kwingine hupata uzito mkubwa), ipewe tokenizer=kata, token_pattern=None, lowercase=False, ngram_range=(1,2), min_df=2. Ukiiacha na mpangilio wake wa awali itaharibu kila kitu kimyakimya: `\w` ya Python haitambui toni wala irabu za juu na chini. Matokeo yake ข้าว (mpunga) na ข่าว (habari) yote mawili yanabaki "าว". Na ukiwasha strip_accents="unicode", toni zinafutwa, hivyo ข้าว, ข่าว na ขาว (nyeupe) yanakuwa neno moja. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Utaona alama za wastani tu na kuanza kulaumu data.

Orodha ya maneno ya kuachwa usiitumie bila kuikagua. Ikiwa na ไม่, ukanushi, "haioti" na "inaota" vitakuwa kitu kimoja.

Kisha ongeza sifa za ontolojia. Kwa kila matini, tafuta dhana zilizotajwa, uongeze vitambulisho vya dhana hizo pamoja na wazazi wake, isipokuwa mzizi. Faida yake iko kwenye maneno adimu: กข6 ikitokea mara mbili tu, kiainishi hakijifunzi kitu, lakini mzazi wake, mpunga wa kunata, hutokea mara nyingi. Sifa hizi ziwe safu ya pili kando ya TF-IDF, zisikae mahali pake.

Kiainishi cha kwanza kiwe LinearSVC ya scikit-learn yenye class_weight="balanced", ukijaribu kigezo chake C kwa 0.1, 0.5 na 1. Pembeni yake funza modeli nyingine inayotumia n-gramu za herufi, yaani vipande vya herufi 2 hadi 4 mfululizo, bila kukata maneno kabisa. Hii ya pili ndiyo kipimo cha uaminifu: ikiwa inaishinda ya kwanza, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6. Pima, kisha ndipo ufikirie modeli kubwa

Tumia F1 (alama inayounganisha usahihi wa majibu na ukamilifu wake) ya wastani wa makundi yote kwa uzito sawa, kwa sababu kundi la magonjwa huwa kubwa na hulifunika la maji. Chora jedwali la mkanganyiko, linaloonyesha kundi lipi limechanganywa na lipi, usome kwa macho matini zote zilizopotea kati ya magonjwa na wadudu.

Ukiwa na maelfu ya matini na kadi ya GPU, jaribu WangchanBERTa, modeli kubwa ya lugha ya Kithai iliyotoka 2021 na kufunzwa kwa takriban GB 78 za matini ya Kithai. Nafasi zake hubadilishwa kuwa `<_>` kabla ya kuingia, kwa hiyo tumia usafishaji wake, wala usiilishe matini uliyoikata kwa newmm.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa nini newmm na si kikata maneno cha neva, kinachojifunza kwa mifano? Si ndivyo vyenye alama za juu?

Jibu: Alama hizo nyingi zimepimwa kwa mkusanyo wa BEST wa NECTEC, kituo cha taifa cha Thailand cha elektroniki na kompyuta, ambao una makala, ensaiklopidia, habari na riwaya. Mkulima anayeuliza kwa simu haandiki kama riwaya. newmm inatabirika: neno likikatwa vibaya, unajua ni lebo ipi ya kuongeza, unaongeza, kesho limepona. Kwenye cha neva itakubidi ukusanye mifano na kufunza upya.

Swali: Wakuu, kwenye majaribio nimepata F1 ya 0.97, kuiweka kazini imeanguka vibaya. Nini kimetokea?

Jibu: Karibu hakika kuna uvujaji, yaani taarifa za majaribio zimeingia kwenye mafunzo. Kagua mambo matatu. Moja, wakulima hunakiliana ujumbe, kwa hiyo nakala moja imeangukia mafunzo na nyingine majaribio. Ondoa nakala, na ugawe kwa mtumaji ukitumia StratifiedGroupKFold ya scikit-learn. Mbili, TF-IDF imekokotolewa kwa data yote kabla ya kugawa. Iweke ndani ya Pipeline, ili ikokotolewe kwa data ya mafunzo tu. Tatu, hili husahaulika: altLabel ulizochota kwa kusoma matini za majaribio nazo ni uvujaji. Tenga seti ya majaribio kabla hujaanza kuongeza lebo.

Swali: Samahani mwalimu, ใบหงิก inanisumbua. Ontolojia inaitambua kama ugonjwa hata pale mtu anapouliza habari za pilipili.

Jibu: Neno hilo ni jina la dalili, jani kujikunja, na ndani ya โรคใบหงิก ni ugonjwa wa mpunga wenye jina lake. Lebo yenye โรค (ugonjwa) mbele iende kwa Ugonjwa, lebo tupu iende kwa Dalili. Usiweke ใบหงิก tupu kama altLabel ya ugonjwa hata kama wakulima husema hivyo. Acha maneno ya jirani yaamue kupitia TF-IDF. Na kwa kuwa pilipili hujikunja majani kwa sababu ya vithiripi na utitiri, ongeza tabaka la Zao ili jina la zao liwe sifa inayojitegemea.

Swali: Faili nililopewa linafunguka kwa herufi za ajabu. Ni fonti?

Jibu: Ukiona visanduku vitupu, ni fonti. Ukiona herufi za Kilatini zenye vikofia na mikia, faili limehifadhiwa kwa TIS-620 au Windows-874. Lisome kwa encoding="cp874", ulihifadhi upya kwa UTF-8.

Swali: Je, mbinu hii inafaa Kiswahili? Nina maswali ya wakulima wa Mbarali na Mwea.

Jibu: Mpango ni uleule, ila ugumu unahama. Sisi tuna nafasi kati ya maneno, lakini ndani ya neno kumejaa: "hayajaota" lina ukanushi, ngeli na wakati kabla hujafika kwenye kitenzi. Kwa hiyo n-gramu za herufi 3 hadi 5 huwa na nguvu zaidi kwetu, na ukanushi haumo kwenye neno moja la kulinda kama ไม่. Kwenye ontolojia usinakili muundo wa Kithai. Kwao ข้าว ni neno moja linalobeba yote, wakibainisha kwa kuongeza: ข้าวเปลือก ni mpunga, ข้าวสาร ni mchele, ข้าวสวย ni wali. Sisi tuna maneno matatu yasiyofanana hata herufi ya mwisho, kwa hiyo kwetu neno lenyewe tayari linakaribia kutaja kundi: anayeandika "mchele" mara nyingi anauliza bei. Kabla ya kubuni lebo zako, angalia AGROVOC, orodha ya istilahi za kilimo ya FAO. Iko kwa muundo wa SKOS na ina lebo za Kithai na za Kiswahili, ingawa za Kiswahili hazijajaa, na majina ya mitaani utayaongeza mwenyewe kama altLabel yenye @sw.