SOMO: Spika za ubao bila boksi – kutengeneza, kusimamisha na kusikiliza

Kabla hujashika msumeno, elewa jambo moja: karibu yote uliyofundishwa na fundi wa maboksi, hapa yanageuka. Boksi linataka sumaku nzito, koni ngumu na mbao zilizobana zisivuje hewa. Ubao mtupu unataka sumaku ya wastani, koni laini na mgongo wazi kabisa. Ukiingia dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au mtaa wa Luthuli, Nairobi, ukachagua spika kwa kuinyanyua mkononi ili uone ipi nzito, ujue umenunua spika ya boksi.

Sababu yenyewe si ngumu. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Sauti hizo mbili zikikutana zinauana. Boksi linaifungia ndani ile ya nyuma. Ubao hauifungii, unairefushia njia tu. Sauti nyembamba zina mawimbi mafupi, kwa hiyo ubao unazitosha. Kazi ipo kwenye besi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, na uzi mnene kabisa wa gita la besi unapiga Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), maana yake wimbi moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ubao wa sentimita 60 kwake si chochote, linauzunguka kama halikuuona. Gawanya 343 kwa mara mbili ya upana wa ubao (mita 1.2) unapata karibu Hz 286. Kuanzia hapo kwenda chini besi inaanza kupungua, na mwishoni inapotea desibeli 6 kila masafa (idadi ya Hz) yanaposhuka nusu.

Sasa kwa nini tujisumbue? Kwa sababu boksi nalo lina sauti yake. Mbao zinatetemeka, hewa ya ndani inagonga ukuta wa nyuma na kurudi kupitia koni, ambayo ni karatasi tu. Ndiyo maana mtangazaji wa kiume kwenye sabufa za bei nafuu anasikika kama yuko ndani ya pipa. Waliokulia kwenye nyumba zenye redio kubwa za mbao, zile ambazo mgongo wake ni kadibodi lenye matundu, wanakumbuka sauti ya mtu ilivyokuwa inatoka wazi. Redio zile kwa kweli zilikuwa ubao uliokunjwa pembeni.

Niseme mapema: hizi si spika za shughuli. Kama unataka madirisha yatetemeke mpaka jirani aje kugonga, nunua sabufa, hutajuta.

KUCHAGUA SPIKA

Hapa tumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Tafuta ya inchi 12, na ikiwezekana yenye koni ndogo ya pili katikati, kwa sababu hiyo inapanda juu zaidi. Weka vidole vinne kuzunguka kifuniko cha vumbi, sukuma polepole. Koni iende kwa urahisi na irudi taratibu. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa ndani ya sumaku) inagusa, irudishe. Ukingo wa kitambaa kigumu kilichokunjwakunjwa, wa spika za ukumbini, unabana sana na besi yake huishia juu. Ukingo wa sponji ni laini lakini kwa spika za mtumba uukague kwa kucha, maana sponji huoza, hasa huku pwani. Ukimeguka, hesabu gharama ya kubadilisha.

Kama spika ina karatasi yake ya vipimo, angalia namba mbili. Qts iwe 0.7 au zaidi; chini ya 0.4 iachie watu wa maboksi. Fs, masafa ambayo koni hupenda kutetemeka yenyewe, iwe Hz 50 au chini yake. Qts kubwa maana yake sumaku haiibani sana koni, na karibu na Fs spika inainua besi yenyewe, ikirudisha sehemu ya kile ubao unachopoteza. Kama hakuna karatasi, pima omu kwa mita: spika ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma karibu 3.2. Spika zako mbili, ya kushoto na ya kulia, zisome sawasawa.

KUKATA

Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, inatosha jozi nzima. Ina sentimita 244 kwa 122. Kata mbao mbili za upana wa 60 na urefu wa 110, zinakaa sambamba. Kipande kinachobaki kitoe mabawa manne ya 28 kwa 110. Utabakiwa na ukanda wa sentimita ishirini na kitu kwa ajili ya miguu.

Mabawa yanafungwa nyuma, kila upande, kuiongezea sauti safari. Usishawishike kuyafanya mapana zaidi. Yakizidi, mgongo unakuwa kama bomba na unaanza kuimba noti moja. Mimi hupunguza bawa la ndani kwa kulikata mshazari, juu sentimita 15 na chini 28, pande mbili zisilingane.

Tundu la spika usilichore inchi 12 kamili. Kipimo hicho ni cha fremu yote, tundu lenyewe huwa kama sentimita 28. Pima ya kwako nyuma ya fremu. Na usiliweke katikati ya ubao: lisogeze kama sentimita 6 upande mmoja, na ubao wa pili upande wa pili, ili umbali wa kufika kila ukingo utofautiane. Urefu kutoka sakafuni hadi katikati ya spika uwe kama 60. Besi inapenda sakafu iwe karibu. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe juu yake, kwenye sentimita 90 hivi, usawa wa sikio la mtu aliyekaa kwenye kochi.

Ukishakata, geuza ubao na uchonge ukingo wa nyuma wa tundu uwe mshazari ili koni ipumue. Piga msasa, funga mabawa kwa gundi ya mbao na skrubu, kisha paka vanishi pande zote pamoja na kingo. Kingo za plaiwudi ndizo zinazonyonya unyevu.

KUUNGANISHA

Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya wa spika mara moja tu. Koni ikiruka mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Weka alama hata kama kiwanda kimeshaweka. Spika ya inchi 12 inaunganishwa moja kwa moja na amplifaya. Twita inapitia kapasita ya maikrofaradi 3.3 isiyo na chanya na hasi. Kwa twita ya omu 8 inaanza kukata kuanzia kama Hz 6000 kwenda chini. Spika yenye koni moja tu ipe twita yake 4.7, ianze chini zaidi, karibu Hz 4200.

KUSIMAMISHA NA KUSIKILIZA

Watu wengi wanaharibu hapa. Ubao ukiegemezwa ukutani umeua nusu ya kazi. Uvute mbele angalau sentimita 80, mita moja ikiwezekana, kisha uugeuze kidogo uangalie kochi. Sauti ya nyuma inapiga ukuta na kukufikia ikiwa imechelewa, na huko kuchelewa ndiko kunakofanya chumba kionekane kirefu kuliko kilivyo.

Halafu fanya jaribio hili. Weka sauti ya mtu anayeongea, tembea taratibu mpaka sikio lako liwe usawa wa ukingo wa ubao, ubavuni. Sauti inanyauka, besi inaondoka kabisa. Hapo mbele na nyuma zinauana.

Kwa kusikiliza, anza na taarabu ya okestra, ile ya asili ya vikundi kama Ikhwani Safaa cha Unguja, kilichoanzishwa 1905. Sikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi: kila uzi uwe na mwanzo wake, ule mguso wa ukucha, kisha mlio. Kwenye boksi bovu miguso hiyo inagandana. Fidla zisikike ni watu kadhaa, si mmoja mnene.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo fundi. Mimi niko Tanga, nimefunga kama ulivyosema lakini besi hakuna kabisa, hata ile kidogo.*

Marahaba mwanangu. Geuza waya wa spika moja tu, chanya iwe hasi. Besi ikirudi, zilikuwa zinapingana kushoto na kulia. Isiporudi, sogeza kochi. Kuna sehemu katikati ya chumba ambapo besi hufa kwa spika yoyote ile.

*Kaka, nina spika za gari zile za duaradufu, 6 kwa 9. Zinafaa?*

Zinafaa kuliko unavyodhani. Nyingi zimetengenezwa zikae kwenye kibao cha nyuma ya siti bila boksi, kwa hiyo mazingira haya zinayajua. Ila ni omu 4 kwa kawaida, hakikisha amplifaya yako inakubali.

*Amplifaya yangu wati 100 kila upande. Nifungue kitufe cha besi mpaka mwisho ili kufidia?*

Hapana. Kwenye boksi lililofungwa hewa ya ndani inaisaidia koni isiende mbali, hapa hakuna wa kuizuia. Ukitaka besi ya ubao ibaki na nguvu ileile huku ukishusha masafa nusu, koni inatakiwa isafiri mara nane. Koili itagonga chuma kabla jirani hajalalamika. Siegfried Linkwitz, mhandisi aliyejenga jina kwa spika za aina hii, alitumia spika kubwa za besi zaidi ya moja kila upande na saketi maalumu ya kusawazisha. Ongeza kidogo tu, ukisikia mlio wa "tak" punguza mara moja. Wati 20 safi zinakutosha sebuleni.

*Chumba changu cha kupanga, futi 10 kwa 10, na kitanda humo humo.*

Mdogo wangu, hapo sikushauri. Ukivuta mbao mita moja kutoka ukutani utalala nazo. Tengeneza boksi dogo lililofungwa kwa spika ya inchi 5.

*Fundi, mgongo wazi, mende na panya je? Mama watoto ameshauliza.*

Mwambie ana haki. Wamba kitambaa nyuma, kutoka bawa hadi bawa. Kukichagua, kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila kubanwa, kinafaa. Kanga nzito haipiti mtihani huo, pazia jepesi linapita. Kiwambe kwa vipande vya velkro, si misumari, ili kila baada ya muda ukifue na ufute vumbi kwenye koni kwa brashi kavu ya rangi.